Honi Ikinyamaza, Kagua Masi Kwanza

Mvua ilikuwa imekatika dakika chache tu. Nilikuwa natoka Mangobo kuelekea Makiso, hapa Kisangani, polepole, maji mekundu yakiwa bado yametuama kando ya barabara, pikipiki ikachomoka uchochoroni na abiria wawili mgongoni na gunia la makaa. Nikabonyeza honi. Kimya. Nikaibonyeza tena kwa kiganja kizima. Kimya. Motari aliniona mwenyewe, akakwepa, akaenda zake. Mimi nikaegesha pembeni, mikono ikitetemeka.

Siku ile ile nikanunua honi mpya. Ikafungwa, nayo ikanyamaza vilevile. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari, mzee anayefanya kazi chini ya mwembe akiwa na taa ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Akagusa hapa, akagusa pale, akalegeza boliti moja iliyoshikwa na kutu, akaisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akaikaza. Kisha akairudisha honi yangu ya zamani mahali pake. Ikalia.

"Klaksoni iko muzima, mama," akaniambia. "Ni masi ndiyo iko mugonjwa."

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi wengi na nimefungua boneti nyingi za majirani, na jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hilo la mzee. Honi ya gari iliyonyamaza, katika mji wenye mvua na tope kama Kisangani, mara nyingi si honi iliyokufa. Ni njia ya umeme iliyokatika, na mahali pa kwanza pa kushuku ni njia ya kurudi, ile ambayo mafundi wetu wanaiita masi na wenzao wa Dar es Salaam au Nairobi wanaiita ethi. Kuikagua hakugharimu zaidi ya kipande cha msasa na nusu saa.

Masi ni nini hasa? Betri ya gari ina vichwa viwili. Kichwa chanya hupeleka umeme kwa nyaya, kupitia fyuzi na swichi, hadi kwenye kifaa. Kichwa hasi kimefungwa kwenye bodi na injini, ili chuma chote cha gari kiwe ndiyo waya wa kurudia. Umeme usiporudi betrini, haufanyi kazi yoyote hata kama umefika kwenye kifaa. Ni kama mtumbwi unaovusha watu kwenda Lubunga, upande wa pili wa mto: ukishindwa kurudi ng'ambo hii, safari zote zimekwisha, hata kama abiria wamejaa ufukweni. Kutu kidogo, rangi mpya chini ya boliti, au tope lililokauka kati ya chuma na chuma linatosha kuuzuia mtumbwi huo.

Na honi inataka umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Honi moja ya kawaida ya volti 12 hula ampea 3 hadi 5, na magari mengi yana mbili. Taa ndogo ya ndani itawaka hata masi ikiwa dhaifu. Honi haivumilii.

Neno klaksoni lenyewe limetoka mbali. Mwaka 1908 Mmarekani Miller Reese Hutchison alibuni honi ya umeme iliyouzwa kwa jina la Klaxon, jina lililotungwa kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupiga ukelele. Wafaransa na Wabelgiji wakaligeuza kuwa jina la kila honi, nasi tukalirithi. Honi za leo si zile za Hutchison, lakini moyo wake bado ni bamba la chuma linalotikiswa. Ndani ya kile kisahani cheusi nyuma ya wavu wa mbele wa gari mna sumaku ya umeme, kiwambo cha chuma chembamba, na ncha mbili za kugusana. Umeme ukiingia, sumaku hukivuta kiwambo; kiwambo kikivutwa hutenganisha zile ncha; umeme hukatika, kiwambo hurudi, ncha hugusana tena. Mzunguko huo hujirudia mara 400 au 500 kwa sekunde, na ndiyo sauti unayoisikia. Ukielewa hivyo utaelewa pia kwa nini maji, kutu na vumbi ni adui wake: ncha zile zikishika uchafu, kiwambo hakina cha kukitikisa.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta na hatuna mwezi usio na mvua. Gari linalotoka Bafwasende au Nia-Nia kwa barabara ya taifa namba 4 linafika mjini likiwa limepakwa udongo hadi kwenye taa. Honi imewekwa mbele kabisa, chini, mahali linapopiga tope lote. Wenzetu wa Mombasa na Unguja wanasumbuliwa na chumvi ya bahari. Sisi tunasumbuliwa na udongo mwekundu na unyevu usiokauka.

Sikiliza kabla ya kushika chombo

Usianze na bisibisi. Anza na masikio. Mwombe mtu mmoja akae kwenye usukani, wewe simama mbele ya gari boneti ikiwa wazi, injini imezimwa, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa. Abonyeze honi huku wewe ukisikiliza kwenye kisanduku cha fyuzi na rilei.

Ukisikia mlio mdogo wa "tik" kila anapobonyeza, umepata habari kubwa. Rilei inafanya kazi, maana yake kitufe cha usukani na nyaya zake ni vizima, na mara nyingi tatizo liko mbele: kwenye waya wa kwenda honi, kwenye honi yenyewe, au kwenye masi yake. Usiguse usukani. Kama hakuna hata "tik", tatizo liko nyuma zaidi: fyuzi, rilei, kitufe au usukani. Kama honi inalia kwa sauti nyembamba au ya kukwaruza, kwanza shuku masi na betri, kisha ncha za ndani. Na kama inalia ukikata kona upande mmoja na kunyamaza ukinyoosha, jibu liko ndani ya usukani, nitalifikia.

Betri yenyewe ihakikishe mapema. Betri nzima iliyopumzika inapima takriban volti 12.6. Kama huna kipimo, washa taa kubwa kisha bonyeza honi. Taa zikififia sana, shughulikia betri na vichwa vyake kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishe kwa maji ya moto na brashi, ukivaa glavu, usijirushie machoni, kwa sababu una asidi.

Fyuzi

Kisanduku cha fyuzi kiko ama chini ya boneti karibu na betri, ama ndani ya gari chini ya dashibodi, na magari mengine yana vyote viwili. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama kimebaki, kimeandikwa Kijapani. Usikate tamaa. Angalia mchoro ulio chini ya kifuniko: tafuta alama ya tarumbeta ndogo au herufi HORN.

Hapa kuna ujanja mmoja ambao unaokoa muda. Katika Toyota nyingi honi inatumia fyuzi moja na taa za dharura, zile zinazowaka zote nne kwa pamoja, na fyuzi hiyo imeandikwa HAZ-HORN. Bonyeza taa za dharura. Zikiwaka, fyuzi ni nzima, endelea mbele. Zisipowaka, umeshampata mkosaji bila kufungua kitu. Katika Honda nyingi honi inashirikiana fyuzi na taa za breki, basi mwambie mtu akanyage breki huku wewe ukitazama nyuma. Na hapo usicheleweshe: gari lililokosa honi na taa za breki kwa pamoja halifai kuingia barabarani hata mtaa mmoja.

Fyuzi iliyokatika utaiona: kile kiuzi cha chuma ndani ya plastiki kimeachana au kimeungua. Weka nyingine ya kiasi kile kile. Rangi zinasaidia: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, manjano 20, kijani 30. Nimeona watu wakiweka kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ili wafike nyumbani. Nawasihi wasifanye hivyo. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiiondolea uwezo wa kukatika, kitakachoungua ni waya uliojificha nyuma ya dashibodi, ukiwa umekaa mbele yake na watoto nyuma. Fyuzi mpya ikikatika mara tu unapobonyeza honi, usiweke ya tatu papo hapo. Kuna waya umechubuka na unagusa bodi, au honi yenyewe imeungua ndani. Chomoa honi, weka fyuzi, bonyeza: ikibaki nzima, ubaya uko ndani ya honi, ikikatika, uko kwenye waya.

Rilei

Rilei ni kile kijisanduku cha mraba, kwa kawaida cheusi. Kazi yake ni kuwezesha umeme mdogo wa kitufe kuamuru umeme mkubwa wa honi. Mara nyingi kisanduku kina rilei nyingine zinazofanana kabisa, zenye namba ile ile ya kiwandani juu yake. Badilishana: weka ya feni au ya taa kwenye nafasi ya honi, ujaribu. Ikilia, nunua rilei mpya na urudishe ile uliyoiazima.

Anayejiamini anaweza kwenda hatua moja zaidi. Chomoa rilei. Kwenye nyingi, miguu yake ina namba 30, 85, 86 na 87. Kwa kipande cha waya mnene chenye ngozi, unganisha matundu mawili yanayopokea mguu 30 na mguu 87, kwa sekunde moja tu. Honi ikilia, basi fyuzi, honi, waya wake na masi yake vyote ni vizima, na unatafuta upande wa kitufe. Isipolia, nenda mbele ya gari. Jaribio hili moja linakata kazi nusu kwa nusu.

Honi na masi yake

Sasa tumefika penye kutu. Pata honi, ambayo mara nyingi iko nyuma ya wavu wa mbele au ndani ya bampa, na tazama ina miguu mingapi ya waya. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Honi yenye miguu miwili inapokea umeme kwa waya mmoja na kurudisha kwa mwingine. Honi yenye mguu mmoja inarudisha umeme kupitia bamba lake la kufungia na boliti yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa yangu. Boliti ile ukiitazama unaona inashikilia honi isianguke tu, kumbe ndiyo waya.

Chombo bora cha kazi hii ni taa ya majaribio ya mafundi wetu: balbu ya volti 12 ya taa za pembeni, nyaya mbili, ncha mbili. Wenye multimeta wataisifu multimeta, nami ninayo, lakini kwa kutafuta kutu taa ni kweli zaidi. Multimeta itakuonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobakiwa na unyuzi mmoja, kwa sababu yenyewe haili umeme. Taa inakula, hivyo njia dhaifu itaifanya ififie mbele ya macho yako.

Chomoa waya wa honi. Ncha moja ya taa iguse ndani ya soketi ya ule waya, ncha nyingine iguse kichwa hasi cha betri. Msaidizi abonyeze honi. Taa ikiwaka vizuri, umeme unafika. Sasa geuza: ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, ncha nyingine kwenye bamba la honi, mahali penye chuma tupu, au kwenye waya wa masi kama honi ni ya miguu miwili. Taa ikififia au isipowaka kabisa, umeshampata adui. Fungua boliti. Sugua pande zote zinazogusana: kichwa cha boliti, tundu la bamba, na bodi ya gari, hadi chuma king'ae cheupe. Rangi pia ni kizuizi, iondoe. Kaza, kisha paka grisi au mafuta ya Vaselini juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, maji yasirudi. Kama bodi pale imeliwa na kutu hata haishiki, usihangaike nayo: vuta waya mpya kutoka kwenye bamba la honi hadi kichwa hasi cha betri, uufunge vizuri usigusane na feni.

Mwenye multimeta na anayetaka uhakika apime hivi: honi ikiwa imeunganishwa na inabonyezwa, ncha moja kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bamba la honi au mguu wake wa masi. Kipimo kikizidi nusu volti, masi bado ni dhaifu.

Umeme unafika, masi inawaka, na honi bado kimya? Basi sasa, si kabla, ndipo honi yenyewe inastahili kushukiwa. Ichomoe, ipelekee umeme moja kwa moja kutoka betrini kwa nyaya mbili. Ikinyamaza, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ukijaribu tena. Ncha zilizonata wakati mwingine huachiana. Honi nyingi za kisahani zina skrubu ndogo nyuma, mara nyingi imezibwa kwa rangi au nta, inayorekebisha umbali wa ncha. Izungushe robo ya mzunguko tu, jaribu, rudisha ikiharibika zaidi. Usiizungushe kwa hasira. Na kila jaribio liwe la sekunde moja au mbili, maana koili inapata moto haraka.

Tusichezee usukani

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Magari yenye mfuko wa hewa ndani ya usukani yana kifaa kidogo cha kulipuka nyuma ya lile jalada unalolibonyeza kupiga honi. Kinaweza kulipuka mikononi mwa mtu anayekichokoa kwa bisibisi. Kabla ya kazi yoyote pale, kichwa hasi cha betri kichomolewe na gari lisubiri. Toyota wanaagiza angalau sekunde 90, na kusubiri zaidi hakudhuru. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, na kama fundi wako anataka kuanza bila kugusa betri, tafuta mwingine.

Unaweza kugundua tatizo bila kufungua. Chini ya usukani kuna utepe wa nyaya uliojiviringa kama spring ya saa, ambao hufunguka na kujikunja unapokata kona, ili umeme ufike kwenye kitufe na kwenye mfuko wa hewa bila waya kukatika. Utepe huo ukichakaa, honi hulia kwa pozi fulani za usukani tu, na mara nyingi taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi siku zile zile. Dalili hizo mbili zikija pamoja, karibu hakuna haja ya kutafuta kwingine.

Mafundi wengi watakupendekezea kitufe cha pembeni: swichi ndogo kwenye dashibodi inayopeleka amri ya masi kwenye rilei. Inafanya kazi, ni rahisi, na kwa gari la zamani lisilo na mfuko wa hewa sina pingamizi. Lakini kwa gari lenye taa ya mfuko wa hewa iliyowaka, kitufe kinarudisha sauti tu. Mfuko unaweza kukosa kufunguka siku ya ajali, na honi inayolia vizuri itakusahaulisha jambo hilo. Utepe ubadilishwe.

Honi isiyonyamaza

Kinyume chake nacho hutokea, na kwa desturi hutokea usiku. Honi inaanza kulia yenyewe na haikomi. Usivunje usukani. Fungua kisanduku, chomoa rilei ya honi. Kama huifahamu, chomoa fyuzi yake. Kimya kitarudi. Sababu ni moja kati ya tatu: kitufe kimekwama, ncha za rilei zimeshikana kwa joto, au waya wa kitufe umechubuka na unagusa chuma cha mhimili wa usukani. Chomoa rilei kwanza badala ya fyuzi pale unapoweza, kwa sababu fyuzi ile ile huenda inalisha taa zako za dharura.

Wanaoendesha malori wana neno lao la ziada. Malori mengi ni ya volti 24, na honi ya volti 12 ikifungwa humo itaungua. Zile honi ndefu za hewa zinachukua upepo wa mfumo ule ule unaolisha breki. Ukisikia "ssss" kwenye bomba la honi baada ya kuzima injini, usiuchukue mvujo huo kama jambo la honi tu; kagua shinikizo la breki kabla ya kuondoka.

Pikipiki

Mji huu ulikuwa wa baiskeli za toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite", kisha pikipiki zikachukua barabara. Kwa hiyo wasomaji wengi wa makala hii wana honi moja ndogo chini ya taa ya mbele, na wanaitumia kutwa kuliko dereva yeyote wa gari.

Washa injini, bonyeza honi ikiwa kwenye mwendo wa chini, kisha ongeza mafuta. Sauti ikipanda pamoja na injini, betri imechoka. Kama haibadiliki, geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, ukibonyeza: honi ikikatikakatika, kuna waya uliovunjika shingoni mwa pikipiki, mahali nyaya zinapojikunja kila siku. Utaupapasa kwa vidole chini ya ngozi yake. Pale ulipovunjika pamelegea. Kisha kuna kitufe chenyewe, mkono wa kushoto, kinachopigwa mvua bila kifuniko. Zima ufunguo, fungua skrubu zake mbili, safisha vile vibamba vya shaba kwa brashi ya meno na spiriti, kausha, funga. Kinachobaki ni boliti ya honi na masi, kama kwenye gari.

Wanaoosha pikipiki kwa pampu ya nguvu waelekeze maji mbali na honi na mbali na kitufe. Na anayetaka kufunga honi kubwa mbili za gari kwenye pikipiki aongeze rilei na fyuzi yake. Kitufe kile kidogo hakikutengenezwa kubeba ampea 8.

Mpaka itengenezwe

Chombo kisicho na honi hakijatimia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka kila gari liwe na angalau honi moja yenye nguvu ya kutosha. Mkataba huo huo unasema honi ni ya kuepusha ajali, na nje ya mji ya kumjulisha dereva kwamba unataka kumpita. Wala isilie kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nalitaja hili si kwa ajili ya polisi wa roulage, yaani wa barabarani, peke yao. Honi zinazopigwa bila sababu mbele ya shule na hospitali zinawafundisha watu kutozisikia, na siku ya hatari kweli hakuna anayegeuka.

Kama ni lazima uendeshe hadi kwa fundi, nenda mchana, washa taa kubwa, punguza mwendo kwenye kila uchochoro, kila soko na kila kivuko cha wanafunzi, na umkalishe mtu karibu yako, kioo kikiwa wazi, apaze sauti. Epuka njia ya uwanja wa ndege wa Bangoka na daraja la Tshopo saa za msongamano.

Ile honi mpya niliyoinunua haikupotea bure. Mzee wa chini ya mwembe alinionyesha kwamba gari langu lilitengenezwa na honi mbili, ya sauti ya juu na ya sauti ya chini, na moja ilikuwa imekufa tangu kabla sijalinunua. Ndiyo maana sauti yake siku zote ilikuwa nyembamba. Juu ya honi nyingi utaona herufi H au L: H ni ya juu, L ni ya chini. Mtu yeyote aliyekulia karibu na Yakusu, chini kidogo ya mto, hahitaji kuelezwa thamani ya sauti mbili. Ngoma ya Walokele, ile ya gogo lililochimbwa, inazungumza kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, na ndiyo aliyoiandikia kitabu mmisionari John Carrington mwaka 1949.

Niliyonunua ilikuwa na herufi L, ndiyo iliyokosekana. Mzee akaifunga mdomo ukitazama chini, maji yasikae ndani, akasugua chuma chini ya boliti yake kabla ya kuikaza, akapaka grisi. Akaniambia nisubiri mvua kubwa ya kwanza, kisha niijaribu asubuhi yake, injini ikiwa imezimwa, mara moja tu. Nilifanya hivyo. Zote mbili zililia.